Timu Ikivuka Mpaka, Nauli Anailipa Nani?

Kuna sentensi moja ambayo viongozi wetu wa michezo wameihifadhi kama dawa ya kikohozi: hutolewa kila penye mkwaruzo, na humezwa bila mtu kusoma karatasi yake. Sentensi hiyo ni "Tusichanganye michezo na siasa." Makala haya yanakusudia kuivunja. Kisha yanakusudia kuwashtaki hata wale walioivunja kabla yangu, kwa sababu waliivunja kwa haki lakini gharama wakamwachia mtu mwingine.

Septemba 2025, timu za kriketi za India na Pakistan zilikutana Dubai katika Kombe la Asia. Mchezo ulipokwisha, wachezaji wa India waliondoka uwanjani bila kuwapa wapinzani wao mkono. Baada ya fainali wakakataa kulipokea kombe kutoka kwa mwenyekiti wa Baraza la Kriketi la Asia, ambaye pia ni waziri katika serikali ya Pakistan. Mapema mwaka huo huo India ilikuwa imekataa kukanyaga ardhi ya Pakistan kwa ajili ya Kombe la Mabingwa, na mechi zake zikachezewa Dubai ingawa mwenyeji alikuwa Pakistan. Mwanafunzi wangu mmoja wa mwaka wa pili akaniuliza darasani: "Dokta, timu kwenda kucheza kwa adui ni usaliti au ni ustaarabu?" Wenzake walicheka, maana kriketi ni mchezo ambao wengi wao hawajapata kuuona hata mara moja. Mimi sikucheka. Nilimwahidi jibu la maandishi.

Naliandika nikiwa likizo nyumbani Suji, huku juu ya Makanya, mahali pasipo na kiwanja hata kimoja cha kriketi. Lakini ni mahali ambapo watu wanajua maana ya kukataa, na wanajua kwamba kukataa kuna bei. Nitarejea kwenye hilo.

Tuanze na kriketi yenyewe. Mwaka 1968 Uingereza ilikuwa ikijiandaa kwa ziara ya Afrika Kusini. Miongoni mwa wachezaji wake alikuwamo Basil D'Oliveira, mzaliwa wa Cape Town, ambaye sheria za nchi yake zilimweka katika fungu la "machotara" na kumzuia asiichezee nchi aliyozaliwa. Akahamia Uingereza mwaka 1960. Agosti 1968, kwenye uwanja wa The Oval jijini London, alipata mikimbio 158 dhidi ya Australia. Hata hivyo, kikosi cha ziara kilipotangazwa, jina lake halikuwamo. Ni pale tu mchezaji mwingine alipojitoa kwa kuumia ndipo D'Oliveira alipoitwa. Waziri Mkuu wa Makaburu, John Vorster, akatangaza kwamba timu hiyo haitapokewa, kwa kuwa machoni pake ilikuwa timu ya wapinga ubaguzi. Ziara ikafa.

Sasa nambie, ndugu msomaji, ni nani hapo aliyechanganya michezo na siasa? Ni mpiga kriketi aliyetaka kucheza alikozaliwa, au ni waziri mkuu aliyepima rangi ya ngozi kabla ya kutoa viza? Sentensi ya "tusichanganye" huanza kusikika pale tu mnyonge anapolalamika. Kabla ya hapo, siasa huwa imekwishaingia uwanjani, imekaa jukwaa kuu, na imepewa soda.

Tanzania ililifahamu hilo mapema kuliko nchi nyingi. Tarehe 26 Juni 1959, kabla hata hatujapata uhuru, Julius Nyerere alisimama katika mkutano jijini London pamoja na Padri Trevor Huddleston kuwaomba Waingereza wasinunue bidhaa za Afrika Kusini. Mkutano huo ndio uliozaa vuguvugu la kupinga ubaguzi wa rangi nchini Uingereza. Huddleston, ambaye mwaka uliofuata alikuja kuwa Askofu wa Masasi, alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kusema kwamba njia ya kuwaumiza Makaburu ni kuwanyima mchezo, kwa maana mchezo waliupenda kupita kiasi. Mwaka 1970, timu ya kriketi ya Afrika Kusini ilipotaka kuzuru Uingereza, vijana wakiongozwa na Peter Hain, ambaye alizaliwa Nairobi, walijaza viwanja na maandamano. Nchi za Afrika nazo zikatishia kuisusia Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Edinburgh. Mwezi Mei ziara hiyo ikafutwa. Kriketi ya Makaburu ikaanza miaka zaidi ya 20 ya upweke.

Kisha ukaja mwaka 1976. Timu ya raga ya New Zealand iliamua kuzuru Afrika Kusini. Tarehe 16 Juni watoto wa shule walipigwa risasi Soweto. Majuma mawili baadaye, damu ikiwa bado mbichi barabarani, Wanyuzilandi walianza ziara yao. Afrika ikaitaka Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iiondoe New Zealand katika michezo ya Montreal. Kamati ikajibu kwamba raga haimo katika Olimpiki, hivyo jambo hilo haliihusu. Tanzania ilikuwa miongoni mwa waliotangulia kusema kwamba haitakwenda. Zaidi ya nchi 20 za Afrika zikafanya vivyo hivyo.

Nasema bila kigugumizi: Tanzania ilikuwa sahihi. Mwaka uliofuata viongozi wa Jumuiya ya Madola walikutana Gleneagles, Scotland, wakakubaliana kuzuia uhusiano wa michezo na Afrika Kusini. Na mwaka 1981, Makaburu walipokwenda New Zealand, raia wa nchi hiyo wenyewe waliingia katikati ya uwanja wa Hamilton na mechi ikafutwa. Kuna watu waliokuwa wakidai kwamba raga ni raga tu, na miaka mitano baadaye watoto wao walikuwa wakipigwa marungu na polisi wakikanusha dai hilo.

Historia nayo ina mzaha wake. Februari 2003, Kenya ilikuwa mwenyeji mwenza wa Kombe la Dunia la kriketi, na New Zealand ilitakiwa kucheza Nairobi. Haikwenda. Shambulio la Kikambala la Novemba 2002 lilikuwa bado linawatia watu hofu, na Wanyuzilandi walihesabu usalama wa wachezaji wao wakaona haufai kubahatishwa. Kenya ikapewa pointi. Siku tatu baadaye ikaifunga Sri Lanka hapo hapo Nairobi, na ikaenda hadi nusu fainali. Siwalaumu New Zealand kwa kuwaonea huruma vijana wao. Kila mzazi angefanya hivyo. Isitoshe, chama cha kriketi si chama cha raga. Ninachosema ni kwamba nchi ile ile iliyoambiwa mwaka 1976 kwamba ziara hubeba zaidi ya mpira, mwaka 2003 ilikuwa imekwishaelewa. Tofauti ni kwamba safari hii maisha yaliyopimwa yalikuwa ya kwao.

Basi jibu langu kwa mwanafunzi lingekuwa rahisi: usiende kwa adui. Lakini sivyo ninavyoamini.

Februari 1977 Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa ikivunjika, ndege, reli na meli zikawa zinagombewa kama mali ya marehemu asiye na wosia. Sisi Wapare tunaujua mpaka ule: kutoka huku juu, ukitazama ng'ambo ya mbuga ya Mkomazi unaiona Kenya, na wapo wenye ndugu Taveta ambao kwa miaka sita walikuwa karibu kwa macho na mbali kwa sheria. Mpaka haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Hata hivyo, mwaka 1981, mpaka ukiwa bado umefungwa, Kenya ilikuja Tanzania kushindana katika Kombe la Chalenji. Ikafika fainali, ikatufunga bao 1 kwa 0, ikaondoka na kombe. Hakuna aliyesema kwamba taifa limesalitiwa kwa kuwakaribisha. Tulinuna kama wanavyonuna watu waliofungwa nyumbani kwao, basi.

Hapo ndipo ilipo tofauti ambayo India na Pakistan wameipoteza, na ambayo sisi tuko katika hatari ya kuisahau. Ugomvi wa serikali mbili ni jambo moja. Mfumo unaomnyima mtu utu wake ni jambo jingine. Serikali zikigombana, timu na iende. Mwaka 2004 India ilikwenda Pakistan kwa ziara kamili ya kwanza baada ya takribani miaka 15, na maelfu ya mashabiki wa Kihindi walivuka mpaka wakapokewa kama wageni wa harusi. Ziara ya namna hiyo huwanyang'anya wanasiasa ukiritimba wa kuamua nani ni adui wa nani. Lakini pale mwenyeji anapomwambia sehemu ya watu wake kwamba wao si watu, na watu hao wenyewe wakakuomba usije, kwenda kwako ni kusaini waraka wa mwenyeji. Weusi wa Afrika Kusini waliomba. Waliomba wakiwa gerezani, waliomba wakiwa uhamishoni, waliomba wakiwa Morogoro tulikowapa ardhi. Timu ya waasi kutoka West Indies, wachezaji weusi, ilikwenda Afrika Kusini mwaka 1983 kwa ajili ya fedha. Nyumbani wakafungiwa maisha, na adhabu hiyo haikuondolewa hadi 1989. Hukumu ilikuwa kali, lakini kila mmoja alijua amehukumiwa kwa lipi.

Sasa nafika kwenye shtaka langu.

Tarehe 2 Februari 1974, huko Christchurch, New Zealand, kijana wa Karatu aitwaye Filbert Bayi alikimbia mita 1500 akiongoza tangu mwanzo hadi mwisho, akavunja rekodi ya dunia kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Nyuma yake alikuwa John Walker, mwana wa nchi hiyo. Mwaka uliofuata Bayi akavunja rekodi ya maili moja huko Kingston, Jamaika. Miezi michache baadaye Walker akaichukua. Dunia nzima ikawa inasubiri Montreal. Bayi hakwenda. Walker alishinda medali ya dhahabu kwa dakika 3 na sekunde 39.17, muda ambao Bayi alikuwa ameushinda kwa mbali. Wapo wanaokumbusha kwamba malaria ilikuwa imemdhoofisha Bayi mwaka ule, na huenda asingeshinda. Inawezekana. Lakini haki ya kushindwa nayo ni haki ya mkimbiaji, na alinyimwa.

Tazama basi hesabu ilivyogawanywa. Heshima ya kususia ilikwenda kwa taifa. Hotuba zilikwenda kwa mawaziri. Gharama ilibebwa na jozi moja ya miguu. Mwaka 1980 Bayi alikwenda Moscow, akapata medali ya fedha katika mita 3000 kuruka viunzi na maji. Suleiman Nyambui akapata fedha katika mita 5000. Hadi leo hizo ndizo medali pekee za Olimpiki ambazo Tanzania imewahi kuzipata. Mwaka huo huo Marekani ilimtuma Muhammad Ali kuja Dar es Salaam kutushawishi tuisusie Moscow kwa sababu ya Afghanistan. Nyerere alikataa kuonana naye, na waandishi wakamuuliza Ali Wamarekani walikuwa wapi tulipowaomba mwaka 1976. Lilikuwa swali zuri. Lakini hakuna aliyeuliza swali la pili: je, sisi wenyewe tulikuwa wapi kwa wale tuliowazuia?

Bayi baadaye alijenga shule kwa jitihada zake na akaitumikia Kamati ya Olimpiki ya Tanzania kwa miaka mingi kama katibu mkuu. Mtu aliyenyimwa mbio yake alirudi kuwatafutia wengine mbio. Hilo ni sifa kwake. Kwa taifa ni deni. Nchi iliyokuwa tayari kuyatumia mapafu ya vijana wake kama silaha ya diplomasia ilipaswa, kwa haki, kuwajengea wanaowafuata viwanja, makocha na pensheni. Badala yake tulisubiri hadi Septemba 2025 ndipo Alphonce Simbu alipotuletea dhahabu ya kwanza ya mashindano ya dunia ya riadha, nasi tukakimbilia uwanja wa ndege kupiga naye picha.

Nirudi Suji, maana hapa nilijifunza somo hili kabla sijasoma kitabu chochote. Milima hii ilipokea Uadventista mwanzoni mwa karne iliyopita, na Jumamosi huku ni Sabato. Nikiwa kidato cha tatu nilichaguliwa kuwa beki wa kushoto wa timu ya wilaya. Mechi ya kuamua nani aende mkoani ikapangwa Jumamosi. Baba hakunikataza kwenda. Aliniambia maneno machache tu: uamuzi ni wako, na matokeo yake ni yako. Sikuteremka. Nafasi yangu akapewa kijana mwingine, na mwalimu wa michezo hakunisemesha muhula mzima. Niliumia, lakini sikuonewa, kwa sababu aliyeamua na aliyelipa alikuwa mtu mmoja.

Wazee wetu walifanya hivyo kwa kiwango kikubwa zaidi. Mwaka 1945, maelfu ya Wapare waliteremka hadi Same kuikataa kodi ya mbiru, ambayo ilimkadiria kila mtu kwa mali yake kwa namna ambayo hakuna aliyeielewa wala kuikubali. Profesa Isaria Kimambo aliiandikia kitabu habari hiyo. Waliacha mashamba yao milimani, wakakaa kwenye vumbi na jua la Same, na mwishowe mkoloni akaifuta kodi. Waliogoma ndio waliolala chini. Hawakumtuma kijana mmoja akalale chini kwa niaba yao, kisha wao wakabaki baridini huku juu wakitoa matamko.

Kwa hiyo naweka kanuni tatu, na nawaomba watumishi wa umma wanaosoma hapa wazipeleke mezani, hata kama ni kwa kuzibishia.

Kwanza, tofauti kati ya ugomvi na dhuluma iandikwe katika sera yetu ya michezo. Timu iende kwa jirani tuliyegombana naye, isiende kusherehekea pale ambapo wanaodhulumiwa wenyewe wametuomba tusiende. Leo hakuna kipimo kinachojulikana. Kinachoamua ni nani analipia tiketi. Mwishoni mwa Januari 2025 Goma ilitekwa na waasi wa M23, ambao wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameeleza mara kadhaa kwamba wanasaidiwa na Rwanda, jambo ambalo Kigali hulikanusha. Septemba mwaka huo huo Kigali ikawa mwenyeji wa mashindano ya dunia ya baiskeli, ya kwanza Afrika. Serikali ya Kongo ilikuwa imekwishaziandikia klabu kubwa za Ulaya ikizitaka ziache kuvaa tangazo la utalii wa Rwanda. Sidai kwamba jibu lilikuwa jepesi. Nadai kwamba katika nchi ya Nyerere sikusikia hata mtu mmoja mwenye dhamana akiliuliza swali hilo hadharani.

Pili, taifa likimzuia mchezaji, limlipe. Si zawadi wala hisani. Ni fidia iliyoandikwa kisheria, kama anavyofidiwa mkulima ambaye barabara imepita shambani mwake.

Tatu, mchezaji aulizwe. Huenda Bayi angekubali kubaki kwa hiari yake. Wengi wa kizazi kile waliiamini Afrika kuliko tunavyoiamini sisi. Sadaka iliyotolewa kwa hiari ni heshima. Iliyochukuliwa bila kuulizwa ni kodi, na sisi Wapare tunajua namna ya kuzungumza na kodi kama hiyo.

Natambua kwamba kanuni hizi zitageuka zitutazame sisi wenyewe. Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027 limekabidhiwa Kenya, Uganda na Tanzania. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, watu waliuawa katika nchi hii, intaneti ikazimwa, na Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje. Mgeni yeyote atakayealikwa hapa ana haki ya kuuliza kama anaalikwa kucheza mpira au kufunika kaburi. Asije mtu kumjibu kwa ile sentensi ya dawa ya kikohozi. Tuliikataa mwaka 1968, tukaikataa mwaka 1976, na hatuwezi kuimeza leo kwa sababu tu safari hii mwenyeji ni sisi. Jibu pekee la heshima ni kusema ukweli wa yaliyotokea, kuwataja waliokufa, na kuwafikisha wahusika mbele ya sheria kabla ya filimbi ya kwanza.

Kijana wangu wa mwaka wa pili, hilo ndilo jibu lako. Kwenda kwa adui kunaweza kuwa ustaarabu, na kukataa kwenda kunaweza kuwa ushujaa. Kabla hujaupigia makofi uamuzi wowote kati ya hayo, tafuta ni nani aliyekaa mezani kuamua, kisha tafuta ni nani aliyelipa nauli. Ukikuta ni watu wawili tofauti, usipige makofi bado.